Malagousia na Assyrtiko ndani ya chupa moja

Jamani, divai hii! Nusu zabibu za Malagousia, nusu za Assyrtiko, kutoka shamba la Ktima Gerovassiliou huko Epanomi, Ugiriki, kilomita 25 hivi kutoka Thessaloniki, mji uleule ambao Mtume Paulo aliwaandikia watu wake nyaraka mbili. Kizibo kilipotoka tu, harufu ikatangulia glasi: embe lililoiva, pichi, ganda la limau, halafu kwa mbali pilipili hoho mbichi na mrihani. Ukinusa hivyo unajiandaa kwa utamu. Unapiga funda, utamu hakuna! Ni kavu, imenyooka, ina uchachu unaoamsha taya zote mbili, na mwishoni ulimi unabaki na kitu kama chumvi. Nikapiga la pili kuhakikisha. La tatu halikuhitaji sababu.

Kama ulichokijua cha Ugiriki ni divai ya retsina yenye harufu ya utomvu wa msonobari, huku ni mbali kabisa.

Siri iko kwenye mchanganyiko wenyewe. Malagousia ni zabibu ya manukato, laini mdomoni, lakini uchachu wake ni wa wastani. Ikichumwa imechelewa, divai yake hulegea. Assyrtiko ni kinyume chake. Imetoka Santorini, kisiwa cha volkano chenye mvua haba na upepo mkali kiasi kwamba wakulima huisuka mizabibu mviringo kama vikapu, chini kabisa ardhini, zabibu zikajificha humo ndani. Jua liwake litakavyo, Assyrtiko haipotezi uchachu wake. Kwa hiyo mmoja analeta harufu, mwenzake analeta uti wa mgongo, na hakuna anayemfunika mwingine.

Na fikiria kwamba nusu ya chupa hii ilibaki kidogo isiwepo! Malagousia, mwenyeji wa magharibi mwa Ugiriki, pande za Nafpaktos, ilikuwa inaelekea kutoweka. Profesa Vassilis Logothetis akaiokoa, na miaka ya 1970 Evangelos Gerovassiliou, kijana aliyesomea utengenezaji wa divai Bordeaux, akaanza kuijaribu katika shamba la Porto Carras, Halkidiki. Mwaka 1981 akaanza kulifufua shamba la familia yake Epanomi, na Malagousia ikahamia naye. Leo imepandwa sehemu nyingi za Ugiriki. Udongo wa Epanomi ni wa kichanga, umejaa visukuku vya viumbe wa baharini, na wapo wanaoapa kwamba wanaionja bahari hiyo ya kale kwenye glasi. Maneno matamu, ila mzabibu haunyonyi kombe.

Sasa chakula, maana hapa ndipo nilipochanganyikiwa kwa furaha. Pweza wa kuchoma juu ya makaa, kamiminiwa mafuta ya zeituni na limau: uchachu wa Assyrtiko unakata mafuta, moshi unakutana na ile hoho mbichi, na unajikuta umemaliza sahani bila kuzungumza na mtu. Ngisi wa kukaanga, vilevile. Kome waliopikwa na kitunguu saumu na mimea mibichi, vizuri mno. Jibini la feta ndilo lililonishangaza zaidi, kwa sababu chumvi yake huziua divai nyingi nyeupe; hii inasimama, tena tunda linazidi kujitokeza. Kuku wa mchuzi wa mayai na limau, ule Wagiriki wanaouita avgolemono, naye ana nafasi yake. Ningekuwa Tanga au Mombasa ningeiweka mbele ya samaki wa kupaka bila kusita, mradi pilipili iwe ya adabu, kwani ukali wa pilipili hukifanya kileo cha divai kiunguze koo.

Nyama choma? Hapana. Mpe ng'ombe divai nyekundu.

Ipoze hadi nyuzi 10 au 12 hivi, isipoe zaidi ya hapo, maana ikiwa baridi mno Malagousia hunyamaza na unabaki na uchachu mtupu. Inywe ingali changa, harufu zikiwa bado na kelele. Na ukiikuta dukani usichukue chupa moja. Ya kwanza itaisha kabla pweza hajaiva.