Kupokonya, Kusalimisha, au Kuweka Chini? Somo la Jarida la Peace News

Wahenga walisema, "Amani haiji ila kwa ncha ya upanga." Aghalabu methali hii hufundishwa madarasani pasipo kuulizwa swali. Jarida la Peace News, lililoanzishwa London na Humphrey Moore mwezi wa Juni 1936, lilizaliwa ili kuipinga fikra ya namna hiyo. Historia yake yafaa kuchunguzwa na walimu wa Kiswahili, kwani ndani yake mna maana tatu za jambo ambalo sisi hulitaja kwa haraka kuwa ni "kupokonya silaha".

Maana ya kwanza ni ya nafsi. Mwaka 1934 kasisi Dick Sheppard aliwaalika wanaume wa Uingereza wamwandikie kadi ya posta, kila mmoja akiahidi kutoshiriki vita tena. Wito huo ulizaa chama cha Peace Pledge Union, yaani Umoja wa Ahadi ya Amani, na Peace News likawa sauti yake. Hapa hapana anayepokonywa kitu. Mtu huiweka silaha chini kwa hiari yake. Msimamo huo ulihitaji ujasiri. Mwaka 1940, Uingereza ikiwa vitani, wachapaji na wasambazaji walikataa kulishughulikia jarida hili, hata wafuasi wakalazimika kulitembeza wenyewe.

Hata hivyo, ujasiri si lazima uwe usahihi. Kabla ya vita, kurasa zake ziliyasikiliza mno malalamiko ya Ujerumani, ilhali kilio cha waliokuwa wakiteswa na Hitler hakikupewa uzito kilichostahili. Hiyo ndiyo kasoro yake kubwa: ilitaka bunduki zinyamaze kabla ya kuuliza ni nani anayelia. John Middleton Murry, aliyekuwa mhariri tangu 1940 hadi 1946, mwishowe aliiacha imani ya kukataa vita vyote. Badiliko hilo laonyesha jinsi ahadi ya mtu mmoja ilivyoelemewa na matukio ya dunia.

Maana ya pili ni ya dola. Baada ya Hiroshima na Nagasaki mwaka 1945, haikutosha tena mtu kuapa kwamba hatashika bunduki, maadamu bomu moja laweza kuteketeza mji mzima bila askari mmoja kuingia humo. Hugh Brock, mhariri kuanzia 1955, alilisogeza jarida karibu na waliodai serikali yao iachane na silaha za nyuklia. Alikuwa miongoni mwa waandaaji wa maandamano ya Pasaka ya 1958, kutoka London hadi Aldermaston, ambako silaha hizo zilikuwa zikitengenezwa. Alama aliyoichora Gerald Holtom kwa ajili ya safari hiyo sasa hujulikana ulimwenguni kote kuwa alama ya amani.

Maana ya tatu ilitoka katika bara letu. Mwishoni mwa 1959 kundi la Waafrika na wageni, akiwamo kasisi Michael Scott na Mmarekani Bill Sutherland, liliondoka Ghana kwenda kuzuia jaribio la bomu la Ufaransa huko Reggane, Sahara. Walizuiwa njiani, na bomu likalipuliwa tarehe 13 Februari 1960. Mwaka 1962 Sutherland na wenzake wa World Peace Brigade walikuwa Dar es Salaam, wakimuunga mkono Kenneth Kaunda katika kudai uhuru wa Rhodesia ya Kaskazini. Hapo wapenda amani walikabiliwa na swali ambalo kadi ya Sheppard haikuligusa: je, anayetawaliwa kwa mtutu aambiwe nini kuhusu silaha? Jarida lililojitenga na chama chake mwaka 1961 liliweza kulijadili swali hilo kwa upana zaidi, na kwa maoni yangu huo ndio wakati lilipokomaa.

Sisi wa Cibitoke ya Bujumbura hatulisomi swali hilo kama hadithi ya mbali. Mwaka 1994 na 1995 mitaa yetu ya kaskazini iligawanywa kwa misingi ya kikabila, na jirani akamwogopa jirani. Mkataba wa Arusha ulitiwa saini tarehe 28 Agosti 2000, lakini kundi la mwisho kubwa la waasi, FNL, lilingojea hadi 2009 ndipo likaacha silaha na kuwa chama cha siasa.

Kwa hiyo tuwe waangalifu na vitenzi vyetu. Anayepokonya ana nguvu kuliko anayepokonywa. Anayesalimisha amekubali amri ya mwingine. Anayeweka chini ameamua. Habari zikitangaza kuwa raia "wamepokonywa silaha", mwanafunzi aulize: na nani, kwa sharti gani, na nani amebaki nazo? Mwalimu awape wanafunzi habari moja, waiandike mara tatu kwa vitenzi hivyo vitatu, kisha waeleze kilichobadilika. Peace News lilihitaji robo karne kuzitofautisha maana hizo. Lugha yetu inazo tayari. Kilichobaki ni kuzitumia bila kuzichanganya.