Baiskeli 9,400 Mlangoni mwa Treni

Ikague baiskeli ya mtumba kutoka Japani, ile yenye kapu mbele na kitasa kwenye gurudumu la nyuma. Mara nyingi fremu yake bado ina kibandiko chenye namba na maandishi ya Kijapani. Hiyo ni namba ya usajili, ya kuisaidia polisi baiskeli ikiibwa. Nyingi za aina hii ziliishi maisha ya namna moja: asubuhi hadi stesheni, mchana kutwa kumsubiri mwenyewe aliyepanda treni, jioni kurudi nyumbani. Nyingine hazikurudi, maana mwenyewe hakuja kuzichukua. Mwishoni mwa miaka ya 1980, baadhi ya wilaya za Tokyo, Toshima ikiwamo, zilianza kutengeneza upya zilizotelekezwa na kuzipeleka nchi za nje kwa wahudumu wa afya vijijini. Tanzania nayo ilipata.

Kwenye stesheni ndipo penye fundo la usafiri wa Tokyo. Treni inafika kwa wakati na baiskeli inapita kila uchochoro, lakini zinapokutana, baiskeli ilazwe wapi? Mwaka 1981 hesabu ya nchi nzima ilikuta karibu baiskeli milioni moja zimeachwa ovyo karibu na stesheni. Vipofu walijikwaa, na magari ya zimamoto yalikosa njia.

Tuchukue Kasai, wilaya ya Edogawa, mashariki mwa jiji. Ardhi yake ni tambarare, hata bibi mwenye kapu la mboga anaendesha bila kuhema. Stesheni iko kwenye njia ya treni ya Tozai, maarufu kwa msongamano. Kabla ya korona, kipande chake cha kutoka Kiba hadi Monzen-Nakacho kilibeba asilimia 199 ya uwezo wake katika saa ya asubuhi yenye abiria wengi zaidi. Kanuni za reli zinakubali baiskeli iliyofunguliwa au kukunjwa na kutiwa kwenye mfuko wake, lakini katika behewa lile hata begi la mgongoni ni kero. Baiskeli haina budi kubaki Kasai.

Mwaka 2008 likafunguliwa hapo egesho la baiskeli 9,400. Kati ya hizo, 6,480 zinahifadhiwa na mitambo 36, kila mmoja ukibeba 180. Mtumiaji anasukuma gurudumu la mbele hadi kwenye mfereji mwembamba ulioko mlangoni. Kihisio kinasoma chipu iliyofungwa kwenye baiskeli, mlango unafunguka, mkono wa chuma unalikamata gurudumu na kuivuta baiskeli ndani. Lifti inashuka nayo na kuisukuma kwenye nafasi iliyo wazi. Zinakaa zimezunguka shimo kama spoki, magurudumu ya mbele yakielekea katikati. Jioni unagusisha kadi, na kwa wastani wa sekunde 23 chombo chako kiko mbele yako.

Sekunde 23 ni chache kwa mtu mmoja. Wenye baiskeli 180 wa mtambo mmoja wakifika pamoja, wa mwisho atasubiri dakika 69. Lakini milango 36 ikifanya kazi kwa mpigo, zinatoka baiskeli 90 na ushee kwa dakika. Wanaoshuka kwenye treni moja hawafiki mlangoni wote pamoja, na wakifika wanagawanyika. Nguvu ya Kasai, kwa maoni yangu, iko kwenye huo wingi wa milango kuliko kwenye kasi ya lifti. Na zile 2,920 zilizobaki hazihitaji lifti; mwenyewe anaiegesha kwa mikono yake.

Karibu na stesheni ya Shinagawa, humo humo Tokyo, ilitumika kampuni nyingine, Giken ya Kochi. Chini ya bustani moja kuna visima vitano, kila kimoja baiskeli 204, jumla 1,020. Mwenye kukaa kwenye benchi hawezi kujua kilichoko chini ya viatu vyake. Ustadi wa Giken uko kwenye uchimbaji. Tangu 1975 ina mashine isiyogonga nguzo kwa nyundo. Inazing'ang'ania nguzo zilizokwisha kuzama, na kwa kuzishikilia hizo inapata nguvu ya kuikandamiza inayofuata, taratibu, bila kishindo. Kwa hiyo ukuta wa kisima unaweza kujengwa ubavuni mwa nyumba za watu.

Hata hivyo, mashine peke yake isingeshinda. Nani angelipa ada ya egesho ikiwa kando ya barabara ni bure? Sheria ya mwaka 1980 ilizipa serikali za mitaa nguvu, na zikaanza kuweka maeneo ya marufuku kuacha baiskeli. Ukiiacha humo, lori linaichukua, na kuikomboa kunagharimu kuliko siku nyingi za egesho.

Ardhi ndiyo iliyoleta ugomvi. Viwanja vya karibu na stesheni vingi ni vya kampuni za reli, nazo zilisema baiskeli si zao. Toshima, yenye stesheni kubwa ya Ikebukuro, ikajibu kwamba abiria ni wao. Mwaka 2003 baraza lake likapitisha kodi ya kuzitoza kampuni hizo kwa baiskeli zinazotelekezwa. Zikapinga vikali, lakini mazungumzo yakafunguka, ushirikiano ukapatikana, na baiskeli zilizozagaa zikapungua. Mwaka 2006 kodi ikafutwa.