Kumponya Mhusika Bila Kumwosha

Katika hadithi nyingi tulizosomeshwa shuleni, aliyekosea alikuwa na njia mbili: afe, au atubu katika kurasa tatu za mwisho. Binti aliyetoroka kwao alikufa kwa kutoa mimba. Mlevi aliivunja chupa ukutani, akarudi kwa mke ambaye, ajabu ya Mungu, alikuwa bado anamsubiri na chakula hakijapoa. Sibishi kwamba watu hufa, wala kwamba hutubu. Ninaousifu hapa ni ufundi mwingine, mgumu kuliko huo: kumshika mtu dhaifu, mwenye doa lake, na kwenda naye hadi apate nafuu bila kulifuta doa.

Euphrase Kezilahabi alipotoa *Rosa Mistika* mwaka 1971, kitabu kilizua makelele, na kwa muda kilipigwa marufuku katika shule za Tanzania. Wengi walilalamikia mambo ya kitandani. Nadhani kulikuwa na jambo jingine lililowachoma zaidi. Zakaria, baba mlevi, anamcharaza bintiye Rosa kwa sababu ya barua ya mvulana, na baada ya hapo msomaji hawezi kulitazama kosa lolote la Rosa bila kuiona ile fimbo. Rosa haponi, anajiua. Hata hivyo, sijui kitabu kinachomfaa zaidi mwandishi anayetaka kuandika habari ya kupona, kwa kuwa Rosa anajirekebisha kweli. Anaacha aliyokuwa akiyafanya, anataka kuolewa na kutulia. Mchumba anapoyajua ya nyuma, anampa kisogo. Yeye amebadilika, waliomzunguka wamebaki vilevile, na hapo ndipo anapokosa pa kukanyaga.

Kwa hiyo nasema hivi: kwetu mhusika haponi peke yake. Aliumizwa katikati ya watu, akawaumiza watu, na mtaa mzima unakumbuka. Mwandishi anayemfungia chumbani ajitazame kwenye kioo, alie, kisha atoke akiwa mtu mpya, ameikwepa kazi. (Vile vioo vimezidi. Na mvua inayonyesha mhusika anapolia nayo imezidi.) Kazi yenyewe ni kuwaandika wale wengine: nani atamsogezea kiti, nani atakumbushia, nani atasamehe kwa mdomo tu. Said Ahmed Mohamed alilijua hilo katika *Utengano*, iliyotoka mwaka 1980. Maimuna anafugwa ndani na babake Maksuudi, anatoroka, anaangukia ulevi na ukahaba. Mwandishi wa kawaida angemchimbia kaburi. Said hakumchimbia, na wala hakumgeuza malaika.

Lakini anayenifanya nivue kofia ni Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja anayeandika kwa Kiingereza, aliyepata Tuzo ya Nobeli mwaka 2021. Katika *Afterlives*, riwaya yake ya mwaka 2020, kijana Hamza anajiunga kwa hiari na jeshi la Wajerumani huku kwetu. Hilo peke yake ni doa: hakukamatwa, alikwenda mwenyewe. Anakatwa upanga na askari wa Kijerumani wa jeshi lake mwenyewe, anauguzwa misheni, kisha anarudi katika mji wa pwani akichechemea, hana ndugu wala pesa. Sasa tazama fundi anavyofanya. Hampi Hamza hotuba. Anampa kazi kwa mfanyabiashara, anamweka karibu na seremala mzee ili ajifunze mbao, anamtafutia mahali pa kulala nyumbani kwa watu. Kurasa zinapita Hamza akifagia, akibeba, akipiga randa. Wenyeji wake wanamdadisi kuhusu vita, naye anajibu nusu, anameza nusu. Mwandishi hana haraka ya kumkamua.

Na katika nyumba hiyo yumo Afiya, aliyevunjwa mkono utotoni na mlezi wake kwa kosa la kujua kuandika. Mkono haukurudi kuwa kama zamani, na Gurnah hautengenezi. Wawili hao wanapendana wakiwa na ulemavu wao, mmoja wa mguu, mmoja wa mkono, na hakuna anayekuwa dawa ya mwenzake. Baadaye anazaliwa mtoto, na mtoto anaanza kusikia sauti. Shekhiya, mganga wa pepo, anaitwa. Hapo mtu wa pwani anatabasamu, maana anajua mambo ya kupunga pepo: pepo huulizwa jina na anachotaka, ndugu hugharimia, na majirani hawakosi kusikia. Ugonjwa wa mmoja unakuwa neno la nyumba nzima. Maumivu ambayo wazazi waliyanyamazia yametokea kwa mtoto. Ni mantiki ya uganga, na ni mantiki ya riwaya.

Nionyeshe ufundi huo kwa mfano wa kubuni, maana kusifu bila kushika chombo ni rahisi. Tuseme ni konda wa daladala Dar es Salaam. Dada yake mshonaji anaweka fedha za kikoba usiku wa kuamkia siku ya mgawo. Konda anazichukua, anazinywa. Dada anauza cherehani ili awalipe wenzake, na tangu siku hiyo anakwenda kushona kwa watu, kwa malipo ya kila nguo.

Jambo la kwanza la kuamua ni mpangilio. Konda huyu ana kidonda: mwanafunzi aliyekuwa akining'inia mlangoni alianguka, naye ndiye aliyegonga bati gari liondoke. Nikikitanguliza kidonda, msomaji atausamehe wizi kabla haujatendeka, na hadithi itakuwa imekwisha. Natanguliza wizi. Nataka msomaji amchukie sawasawa, aisikie sauti ya cherehani ikiburutwa kwenda nje. Habari ya mwanafunzi ije mbele huko, tena kwa mdomo wa dereva asiyejua kwamba anafichua kitu. Kidonda hicho hakilipi hata shilingi moja ya kikoba. Kinamnyima tu msomaji raha ya kuhukumu.

Jambo la pili ni kwamba toba ionekane mkononi. Konda anamletea dada noti ya elfu mbili kila Jumamosi. Dada anaipokea, anaiweka chini ya kitambaa cha meza, hasemi ahsante. Mpwa wa konda, aliyeacha kumwamkia, siku moja anapita na ndoo na kusema, "Shikamoo mjomba," kama anayesahau kwamba alikuwa amenuna. Mwandishi mwenye papara angefungia hapo. Mimi ningemfanya konda alewe wiki hiyohiyo, kwa sababu ya ile shikamoo hasa, kwani kuheshimiwa kunamtisha kuliko kutukanwa. Kurudi nyuma kwa namna hiyo kukiandikwa kama ajali, hadithi inalegea. Kukitoka ndani ya tabia yake, msomaji anamtambua mtu.

Na cherehani? Vishawishi ni vingi hapa: anunue mpya, ampelekee dada ikiwa na utepe. Hapana. Elfu mbili za Jumamosi hazinunui cherehani, na mwandishi anayejua bei ya vitu hawezi kudanganya. Kinachowezekana ni kidogo zaidi. Dada aanze kumtuma: nenda kaninunulie uzi, hii hapa pesa. Afikirie kidogo kabla ya kuitoa, kisha aitoe. Konda arudi na uzi na chenji, dada aihesabu chenji mbele yake, na konda asikasirike.

Ningeandika sura hiyo kwa macho ya dada, si ya konda. Yeye ndiye mwenye la kuamua, na ndiye tunayemsahau tunapoandika habari za waliopotea na wakarudi. Ana haki ya kutosamehe hadi mwisho wa kitabu. Nikimlazimisha asamehe ili konda wangu apendeze, nitakuwa nimemwibia mara ya pili. Basi acha abaki na hasira yake, aendelee kuhesabu chenji, na konda apone kiasi kile ambacho hasira ya dada yake inamruhusu.