Picha Isiyo na Jina Lake

Mgeni apandaye kilima cha Makerere, mjini Kampala, macho yake huvutwa kwanza na mnara wa Jengo Kuu. Nyumba ya sanaa ya chuo haina mnara. Ni ndogo, nayo imekaa kando ya madarasa yale yale ambamo wanafunzi hufinyanga, huchonga na kuchora. Katika majumba makubwa ya Ulaya na Marekani mtazamaji huiona kazi ikiwa imekwisha tawazwa. Hapa huiona karibu na ulipofundwa mkono ulioifanya.

Asili ya nyumba hii ni baraza. Mwaka 1937, Margaret Trowell, mchoraji Mwingereza, alianza kuwafundisha uchoraji vijana wachache nyumbani kwake. Hakutaka waige picha za Ulaya. Aghalabu aliwasimulia jambo kwa maneno, kisha kila mmoja akachora alichokiona moyoni. Alipoondoka mwaka 1958, shule ile ilikuwa imekwisha vuta vijana kutoka Afrika Mashariki nzima: Gregory Maloba wa Kenya, Sam Ntiro wa Machame, Elimo Njau wa Marangu. Nyumba ya sanaa yenyewe ilifunguliwa mwaka 1969.

Basi uchoraji wa Makerere ulizaliwa na neno. Kilichoanza kilikuwa hadithi, picha ikafuata. Hapo ndipo penye fahari ya shule ile, na ndipo penye kasoro yake pia, kwani neno lile lilikuwa la Kiingereza. Kijana aliichora shamba la migomba la mama yake, kisha akaipa picha jina kwa lugha ya darasani.

Mfano ulio wazi ni wa Ntiro. Picha yake ya mwaka 1956, ya wanaume wakimpelekea bibi arusi kinywaji usiku, ilinunuliwa mwaka 1960 na jumba la sanaa za kisasa la New York. Ni heshima kubwa kwa mtu ambaye mwaka uliofuata alitumwa London kuiwakilisha Tanganyika. Lakini jina la picha hiyo kwa Kiingereza hukiita kinywaji hicho bia ya ndizi tu. Uchagani kote, na nje ya Uchaga, kinywaji cha ndizi na ulezi kinachokwenda na posa na arusi kina jina: mbege. Bia ya ndizi ni kitu cha kunywa. Mbege ni ujumbe wa ukoo kwa ukoo. Asomaye jina la Kiingereza huona mzigo kichwani. Ajuaye mbege huona ahadi ikitembea gizani.

Itasemwa kuwa picha haihitaji jina, na kwamba rangi hujisemea. Kuna ukweli ndani yake. Sanamu ya uhuru ya Maloba, iliyosimamishwa Kampala mwaka 1962, hupitwa kila siku na watu wasiosoma kibao chochote, nao wanamwona mama aliyemwinua mwanawe. Lakini picha ndogo ukutani si sanamu ya njia panda. Huyo aisogeleaye husoma kwanza, kisha hutazama. Na alichokisoma humwonyesha pa kutazama.

Njau alilitambua hilo. Alipoanzisha nyumba yake ya sanaa Nairobi mwaka 1965, iliitwa Paa ya Paa: mnyama paa, naye anapaa. Hakuna mfasiri awezaye kuyavusha maneno hayo mawili yakafika ng'ambo na mchezo wake. Huenda ndiyo sababu yakadumu. Mwaka 1997 moto uliiteketeza nyumba ile pamoja na hazina nyingi iliyokuwamo. Jina likabaki, na kwa jina hilo watu wakajua ni kitu gani cha kukiinua tena.

Moto ulifika Makerere pia. Usiku wa kuamkia tarehe 20 Septemba 2020, Jengo Kuu liliungua. Nyumba ya sanaa imo katika jengo jingine, lakini onyo lilitosha. Turubai na karatasi ni vitu vya siku chache mbele ya moto, mchwa na unyevu. Ikiteketea picha, kinachobaki ni maneno ya waliowahi kuisimulia. Na ikiwa ilisimuliwa kwa lugha moja tu, isiyo ya watu waliochorwa, basi waliochorwa hawatarithi hata majivu yake.

Dawa yake si ghali. Yatosha daftari moja mlangoni, na chini ya kila kazi nafasi ya kuandika jina la pili na la tatu, kwa Kiganda, Kichaga, Kikamba au Kiswahili, likitajwa na mtu aijuaye shughuli iliyochorwa: bibi aliyewahi kupika mbege, mzee ajuaye ngoma hiyo ni ya matanga ama ya mavuno. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika nyumba ndogo kama hii, mgeni anayepaswa kuitwa kwanza ni yule ambaye maisha yake yametundikwa ukutani, naye hajawahi kuulizwa yanaitwaje.