Jibu Linalojitetea: Jinsi ya Kupima Fumbo la Namba

Kwenye kitendawili, aliyeshindwa hutoa mji. Mtegaji hupewa Ujiji au Kasulu, akautembelea kwa maneno, akala na kunywa humo, kisha akatoa jibu na watu wakacheka. Hasara ni hiyo tu. Kwenye michezo ya kutoana inayochezwa siku hizi kwa simu, msimamizi wa kundi hutupa fumbo la namba na kuweka muda wa kujibu. Anayekosea hana mji wa kutoa, jina lake linafutwa na wenzake wanasonga mbele. Kwa hiyo fumbo la namba lina deni ambalo kitendawili hakina. Nyumba isiyo na mlango ni yai kwa sababu jamii imekwisha kubaliana hivyo. Anayejibu kaburi hakukosa akili, amekosa mazoea. Fumbo la namba halina mazoea ya kuegemea. Fumbo bora ni lile ambalo anayelifumbua, akishafika kwenye jibu, anajua amefika bila kumtazama mtegaji usoni. Ugumu, urefu na mapambo ni mambo ya kuangalia baada ya hapo.

Tuanze na fumbo linalopendwa kuliko yote, la mfuatano: 1, 2, 4, 8, 16, kisha ngapi? Wengi wataandika 32 kabla hujamaliza kusoma. Sasa chora duara kwenye mchanga wa Kibirizi, ufukweni Kigoma. Weka nukta moja ukingoni: duara lina kipande kimoja. Weka mbili, uziunganishe kwa mstari: vipande viwili. Nukta tatu zikiunganishwa zote kwa zote hutoa vipande vinne, nne hutoa vinane, tano hutoa kumi na sita. Ongeza ya sita, ukihakikisha mistari mitatu haikutani mahali pamoja, uhesabu polepole. Utapata 31. Aliyeandika 32 na aliyeandika 31 wote wana kanuni inayozieleza namba tano walizopewa, na mwenye subira anaweza kutunga kanuni ya kuhalalisha namba nyingine yoyote. Kwa hiyo swali la kwanza la mjuzi ni hili: je, dalili zinatosha? Katika sudoku swali hilo limepatiwa hata mpaka wake. Mwaka 2012, mtaalamu wa hisabati Gary McGuire na wenzake huko Dublin walionyesha kwa kompyuta kwamba hakuna sudoku yenye namba 16 tu za kuanzia inayobaki na jibu moja. Zinahitajika angalau 17. Na hizo 17 pia hazitoshi zikipangwa ovyo. Mtunzi wa sudoku asiyehakikisha kwamba jibu ni moja hajamaliza kazi yake, hata kama miraba imepangika vizuri machoni.

Swali la pili linahusu maneno yanayozizunguka namba, maana humo ndimo kasoro nyingi hujificha. Tuseme fumbo linasema: boti imeondoka Kigoma saa 12 jioni na kufika Kalemie saa 11 alfajiri, imesafiri kwa masaa mangapi? Hesabu ya vidole inatoa 11. Lakini Kalemie, ng'ambo ya ziwa upande wa Kongo, saa zake ziko nyuma ya Kigoma kwa saa moja, na mtu aliyeshuka pale na saa ya Kigoma mkononi atakwambia safari ilikuwa ya masaa 12. Mtunzi asiposema ni saa za wapi, ametega mafumbo mawili akidhani ni moja. Mbaya zaidi ni fumbo lililonakiliwa kutoka lugha nyingine, likaja na "saa 3 asubuhi" kwa maana ya saa tisa usiku. Hali ni hiyo pia kwa fumbo la dagaa: mtumbwi unapata beseni 20 kwa usiku mmoja, je, mwezi mzima wa siku 30 utapata ngapi? Kitabu kitasema 600. Mtu wa Kigoma atauliza kwanza habari za mbalamwezi. Dagaa huvutwa kwa taa gizani, na mwezi ukiwaka sana taa hazifui dafu, kwa hiyo wavuvi wengi hupumzika siku hizo. Hapo fumbo limemwadhibu anayelijua ziwa na kumzawadia asiyelijua.

Kuna pia fumbo linalojengwa juu ya tarehe. Ukiambiwa uchukue siku ya mwezi ambayo mwanahabari Stanley alikutana na mmisionari Livingstone huko Ujiji, uizidishe kwa kitu fulani, utaanzia wapi? Stanley alichapisha kuwa ni tarehe 10 Novemba 1871. Maandishi ya Livingstone mwenyewe, aliyekuwa amepotewa na hesabu ya siku, yanaliweka tukio mwishoni mwa Oktoba. Hesabu iwe safi kiasi gani, haiwezi kuwa imara kuliko namba iliyoanza nayo.

Linganisha hayo na fumbo la madumu. Una dumu la lita 5 na la lita 3, yote matupu na hayana alama, na pipa la mawese. Pima lita 4 kamili. Jaza la 5, umimine kwenye la 3: zinabaki 2. Rudisha pipani yaliyomo kwenye la 3, weka humo zile 2, jaza tena la 5, kisha mimina mpaka la 3 lijae. Limeingia lita moja tu, na kwenye la 5 zimebaki 4. Hakuna wa kuulizwa. Mafuta yenyewe yanashuhudia. Badilisha kidogo, toa madumu ya lita 6 na 4, udai lita 5. Kila utakachojaza au kumimina kitakuwa namba shufwa, na 5 ni witiri, kwa hiyo mtu anaweza kumimina mpaka asubuhi asiipate. Kuuliza hivyo si kosa ikiwa "haiwezekani" ni jibu linaloruhusiwa. Ni kosa ikiwa mtunzi aliandika namba bila kujaribu kumimina.

Wapo watakaosema kwamba jibu linalotakiwa siku zote ni lile rahisi, na kila mtu analijua. Lakini urahisi hutegemea mtu amepita wapi: aliyewahi kuchora lile duara anaiona 31 upesi kama wewe unavyoiona 32. Wengine watasema fumbo bovu ni haki mradi wote wamepewa lilelile. Hoja hii ina uzito, ila mzigo haugawanyiki sawa. Asiye na shaka hujibu upesi na kupita. Anayeona njia mbili hupoteza muda akizipima, kisha hutolewa kwa kuona zaidi. Mchezo unaodai kupima akili unakuwa umepima bahati ya kufanana na msimamizi. Hoja ya tatu ndiyo tamu zaidi: kwamba hila ndiyo utamu wa fumbo. Ni kweli, na hakuna anayetaka fumbo lisilo na hila. Ila hila na tundu si kitu kimoja, na unaweza kuvitofautisha kwa kusikiliza kinachofuata baada ya jibu kutajwa. Penye hila, walioshindwa hujipiga paji la uso na kusema kumbe. Penye tundu, huanza kubishana, na kila mmoja ana hoja.

Kwa hiyo msimamizi anayeijali kazi yake humpa fumbo mtu asiyejua jibu kabla ya kulitupa kundini, na humwomba atafute jibu la pili badala ya la kwanza. Likipatikana, anaongeza dalili au analitupa. Tundu likionekana mchezo umekwisha kuanza, aliyetoa jibu linaloteteka asitolewe, hata kama silo lililoandikwa kwenye karatasi ya msimamizi, na mzunguko urudiwe. Wazee wa vitendawili walikwisha kuweka utaratibu wa anayeshindwa, na hakuna sababu mtegaji asiingie humo. Fumbo lake likishindwa kusimama lenyewe, zamu yake ya kutoa mji imefika.