Boneti Ilikuwa ya Moto

Nyote mliotumiwa ile klipu ya kijana anayenunua gari kwa dalali Kinondoni mmeshaitazama vya kutosha, kwa hiyo sitasimulia upya gari lilivyoingia uani, wala dalali alivyolizunguka na kitambaa akifuta vumbi kwenye vioo. Nataka tusimame pale mnunuzi anapoweka kiganja juu ya boneti, anakiondoa haraka kwa joto, kisha anasema, "Haya, washa tusikie." Gari lilinunuliwa hapo, na lilinunuliwa vibaya. Kushusha bei, kusaini mkataba na kuhesabu noti ni mambo yaliyokuja baadaye, na hakuna hata moja kati ya hayo lililoweza kuokoa kitu.

Gari lenyewe mnalijua. Toyota Allion ya 2003, chasi ZZT240, injini 1ZZ-FE ya cc 1,794, gia otomatiki, namba C. Bei ilianzia milioni nane, ikaishia saba na nusu. Wanaosema kijana alikosea kwa sababu tu alinunua gari kuukuu, mimi siko upande wao na sijawahi kuwa. Ukiagiza gari la umri huo kutoka Japani leo, utalipa kodi ya uchakavu juu ya kodi nyingine zote, na jirani zetu wa Kenya hawaruhusu kabisa kuingiza gari lililozidi miaka 8. Gari ambalo kodi zake zilishalipwa na mtu mwingine, na thamani yake ilishashuka mikononi mwa mtu mwingine, ni ununuzi wa akili kwa mwenye kipato cha kawaida. Nimelitetea hilo kwenye ukurasa huu miaka mingi na nitaendelea.

Kazi nyingine ilifanywa vizuri. Kadi ilihakikiwa TRA, namba ya chasi na ya injini zililingana, madeni ya trafiki yaliangaliwa, na fundi wa mnunuzi alilala chini akapima bushi, boli joint, shokapu na draiv shafti kama inavyopaswa.

Sasa turudi kwenye boneti.

Makubaliano yalikuwa wakutane kwa muuzaji, Mbezi, saa moja asubuhi, kabla gari halijawashwa. Huo ulikuwa mpango sahihi, na aliyeupanga anastahili sifa. Kisha dalali akapiga simu: "Usijisumbue kaka, foleni ya Morogoro Road unaijua, nakuletea mwenyewe hapo kwako." Ikaonekana ni wema. Gari likafika saa tatu na ushee, limetambaa kutoka Mbezi hadi Kinondoni kwenye foleni, injini imepata joto lake lote. Kila kitu ambacho injini ya 1ZZ-FE ingekisema yenyewe asubuhi ile kilikuwa kimeshasemwa barabarani, mbele ya dalali, na dalali hakuwa na sababu ya kukirudia.

Tuangalie kilichopotea. Gari likilala usiku, oili iliyobaki juu kwenye hedi huteremka taratibu. Sili za valvu zikiwa zimekakamaa, oili hupenya kando ya shina la valvu na kuingia kwenye silinda. Asubuhi ukiwasha, bomba linatoa wingu la bluu, na baada ya muda mfupi linaisha. Hicho ni kipimo cha sili, cha bure, na hupatikana mara moja tu kwa siku. Vivyo hivyo cheni ya taimingi: tenshena yake inasukumwa na presha ya oili, na usiku presha hiyo haipo. Cheni iliyolegea italia sekunde za kwanza, krakrakra, kisha itanyamaza presha ikipanda. Pistoni iliyolika nayo hugonga ikiwa baridi kwa sababu haijatanuka, na ikishapata joto inajaza nafasi yake na kelele inapotea. Gia boksi ya otomatiki inayoanza kuchoka huchelewa kushika ukiweka D au R kabla oili yake haijapata moto. Na kifuniko cha rejeta? Injini ikiwa ya moto hakuna mwenye akili timamu atakayekifungua, kwa hiyo kiwango cha maji, kutu, na ule utando wa oili unaoashiria gasketi ya hedi imekufa, vyote vinabaki siri.

Kuna jambo la masega pia, na hili hata mafundi wazuri hulisahau. Masega ya ekzosi yakishapata moto yanaunguza sehemu ya mvuke wa oili unaopita ndani yake. Injini ileile inayotoa moshi wa kuonekana saa moja asubuhi inaweza kuonekana safi saa tatu. Kwenye ile klipu fundi anainama nyuma ya gari, anaweka kiganja kwenye mdomo wa ekzosi, anakinusa, anatingisha kichwa kwa kuridhika. Aliridhishwa na masega.

Angekuwa amenunua Carina Ti yenye 5A-FE, labda ningesema ni uzembe mdogo. Bloku ya chuma, na mkanda wa taimingi ukikatika, valvu hazikutani na pistoni. Unafunga mkanda mwingine unaendelea na safari. Lakini hii ilikuwa 1ZZ, na sifa ya 1ZZ za mwanzo inajulikana kwenye kila gereji. Pistoni zake zilitobolewa matundu machache na madogo ya kurudisha oili inayokwanguliwa na ringi. Oili ikichelewa kubadilishwa, matundu yanaziba kwa kaboni, ringi za oili zinaganda kwenye mifereji yake, na injini inaanza kunywa oili. Toyota wenyewe walikuja kubadilisha muundo wa pistoni. Mtu anayekwenda kuangalia 1ZZ ya 2003 anakwenda kutafuta jambo moja kabla ya mengine yote, nalo ni kama inakula oili. Kijana alifika na swali sahihi, akakubali kuuliza wakati ambao gari haliwezi kujibu.

Wakubwa wenzangu watakumbuka jinsi hili lilivyokuwa likifanywa. Mafundi waliolelewa na Land Rover 109 hawakuhitaji hata kuwasha injini. Walichukua hendeli, wakaichomeka mbele, wakazungusha krenki kwa mkono. Injini ya silinda nne inakupa kompresheni moja kila nusu mzunguko, na mkono uliozoea unahisi silinda moja baada ya nyingine: hii ngumu, hii ngumu, hii laini, hii ngumu. Fundi anachomoa hendeli, anamwambia mwenye gari silinda moja ina tatizo, na mjadala wa bei unaanzia hapo. Wazee hao wasingekubali kuletewa gari la moto. Walikuwa wakifika kabla ya chai, na wakikuta injini ina joto walikaa kwenye benchi hadi ipoe, hata kama ni adhuhuri.

Hata kosa lilikuwa na nafuu zamani zile. Peugeot 504, ndugu ya ile iliyompa Ove Andersson ushindi wa Safari Rally mwaka 1975, ilikuwa na laina za silinda zinazochomoka. Ukinunua iliyochoka, fundi wa mtaani alishusha hedi, akatoa laina na pistoni, akaweka seti mpya, na gari likarudi kwenye kazi ya Dar hadi Iringa. 1ZZ haina huruma hiyo. Bloku yake ni ya aluminiamu, laina zake ni nyembamba na zimeyeyushiwa humohumo, na Toyota hawakutoa pistoni za saizi ya juu za kwenda na silinda iliyochongwa. Ukishakosea kwenye 1ZZ iliyolika, kilichobaki ni kutafuta injini nyingine ya mtumba Gerezani, ambayo nayo huijui imetokea wapi.

Nimeshaandika kuhusu mita zilizorudishwa nyuma mpaka baadhi yenu mmenichoka, lakini tazameni tena klipu. Swali la kwanza la mnunuzi ni "Imetembea ngapi?" La pili ni "AC inapiga?" Mita inasoma kilomita elfu tisini na kitu kwa gari la 2003, na mpira wa pedali ya breki umelika hadi kwenye chuma! Na injini imeoshwa kwa presha, inang'aa. Nitasema tena: injini ya gari kuukuu iliyooshwa siku ya kuuzwa imefutwa ushahidi. Vumbi kavu lililosambaa sawasawa juu ya injini linakueleza hakuna kinachovuja. Injini inayometa haikuelezi chochote, na mnunuzi anapaswa kupunguza bei kwa sababu hiyo pekee, au aombe gari litembee siku mbili tatu kisha aangalie tena chini ya sampu. Dipstiki pia ilichomolewa na oili ikaonekana nzito na safi. Nzito! Injini iliyotengenezwa kutumia 5W-30 imejazwa kitu kinachotiririka kama asali, na hakuna aliyeuliza kwa nini. Oili nzito ni dawa ya siku chache ya kupunguza moshi na kunyamazisha makelele. Pale tu palitosha kuvunja mazungumzo, kama boneti haikuwa imeshayavunja.

Najua hoja ya upande wa pili, nimeletewa na zaidi ya mmoja wenu. Dalali alisema kuna mteja mwingine yuko Mwenge na pesa mkononi, na gari la bei ile halikai. Sikubali. Allion, Premio na Wish za miaka ile zimejaa mjini. Kila wiki kuna nyingine inayotafuta mwenyewe. Mteja wa Mwenge amekuwepo tangu nianze kuandika safu hii, na hajawahi kumpokonya mtu gari ninalomfahamu. Dalali analipwa siku gari linapouzwa, hivyo haraka ni yake. Mwenye milioni saba na nusu mfukoni ndiye anayepaswa kupanga saa.

Na mbona njia zilikuwepo. Angeweza kusema, "Ahsante kaka, liache hapa uani, funguo zikae kwako, tukutane kesho saa moja." Muuzaji mkweli halalamiki, kwa sababu kinachomgharimu ni usiku mmoja. Kama haiwezekani, basi boneti ifunguliwe, watu wakanywe chai, gari lipoe hadi alasiri. Saa tano au sita hazilingani na usiku mzima lakini zinatosha kufungua kifuniko cha rejeta, kusikiliza cheni, na kuona stata inavuta vipi. Na kama hata hilo limekataliwa, kuna kipimo cha injini ya moto ambacho hakikufanywa: liache sailensa dakika kumi bila kuligusa, kisha mwenzako akanyage mafuta ghafla wewe ukiwa nyuma. Ringi na sili zilizochoka hukusanya oili wakati wa sailensa na kuitoa yote kwa mkupuo. Kwenye klipu gari linasimama sailensa kwa muda mfupi tu kabla dalali hajaanza kulirukisha mafuta. Alijua anachofanya. Mtu anayekanyaga mafuta mfululizo haipi oili nafasi ya kujikusanya.

Yaliyofuata mmeyasikia. Taa nyekundu ya oili ilianza kuwaka kwenye kona kabla mwezi haujaisha. Dipstiki ilipochomolewa ilitoka kavu. Plagi zilikuwa zimelowa. Fundi mwingine alipima kompresheni, akamimina oili kidogo ndani ya silinda, akapima tena, na namba ikapanda kwenye silinda mbili. Oili ikipandisha namba, ugonjwa uko kwenye ringi na silinda. Ungekuwa kwenye valvu, namba ingebaki palepale. Kipimo hicho kinahitaji kifaa kidogo cha kufunga kwenye tundu la plagi, na gereji nyingi zinacho. Kingefanyika kabla ya malipo kama asubuhi ile ingetoa hata dokezo moja la kukifanya. Dokezo lilichomwa kwenye foleni ya Morogoro Road.

Hukumu yangu kuhusu bei: ZZT240 yenye ringi zilizoganda haikuwa gari la milioni saba na nusu. Ilikuwa gari la kununuliwa kwa bei ya bodi, gia boksi na viti, ukijua injini inatafutwa, au la kuachwa kabisa ukatafute NZT240, bodi ileile yenye 1NZ-FE ya cc 1,497. Kijana alikuwa na bajeti ya kutosha, fundi wa kutosha na karatasi za kutosha. Alikosa kusema hapana kwa dakika moja.

Kwa hiyo ninyi mnaokwenda kuangalia gari wiki hii: fikeni mapema, na kabla ya kusalimiana sana wekeni mkono kwenye boneti. Ikiwa ya moto, msiwashe. Mwambieni muuzaji mtarudi kesho asubuhi gari likiwa limelala, na akisema kesho halitakuwepo, mwacheni aondoke nalo.