Mashine ya Kwanza ya Kushindilia Risasi: Nimeishika Co-Ax!

Jamani, huu mkono! Unaushusha kwa vidole viwili tu, na ganda la .308 Winchester limeshazama lote ndani ya kalibu (die), mashine haiyumbi, meza hailii. Ninayoizungumzia ni Co-Ax, kazi ya Forster wa Lanark, Illinois. Kwa Mnyiha mwenzangu au mtu yeyote wa Songwe aliyeko huku Marekani, mwenye raifoli ya shabaha na anayetafuta mashine yake ya kwanza ya kushindilia risasi, natangulia kusema: hii ndiyo. Sababu zinakuja, na nyingine zitakuja kwa fujo. Mnivumilie.

Tuliokulia Ruanda, kule Mbozi, gobore tunalijua. Mzee anamimina baruti mdomoni mwa mtutu, anashindilia kwa mdeki, anabandika fataki, kisha nguruwe pori wa shambani ajiombee mwenyewe. Huku kazi ni ile ile, ila yote yanafanyika ndani ya ganda la shaba. Risasi ikishafyatuliwa, ganda linabaki, na ganda ndilo sehemu ya gharama. Unalitoa fataki iliyokwisha kulipuka, unalirudishia umbo, unalipachika fataki mpya, unapima baruti kwa mizani, unamalizia kwa kukaza kichwa cha risasi juu. Ukiacha kupima baruti, kazi karibu zote hizo zinaweza kupita kwenye mashine hii.

Sasa shabaha inaingilia wapi? Risasi ikilipuka, ganda hupanuka hadi kugusana na kuta za chumba cha bunduki. Kalibu hulibana lirudi, na bega la ganda linasukumwa nyuma kwa sehemu chache tu za elfu moja za inchi. Fremu ikinyumbuka, ganda hili litabanwa zaidi na lile pungufu, na karatasi ya shabaha kule mita 300 itakusengenya. Pili, kichwa kikikaa upande shingoni, kinaingia kwenye mtutu kikiwa kimepinda. Kwa hiyo mashine ya kwanza ya mtu wa shabaha inatakiwa kutimiza mambo mawili: iwe ngumu, na isilazimishe ganda kupinda. Kasi ni ya watu wengine.

Hapo ndipo Co-Ax iliponimaliza. Mashine nyingi unaskurubu kalibu kichwani mwa fremu mpaka ikaze. Hii haina nyuzi huko juu kabisa! Kalibu unaisukuma kwenye mfereji, inaingia kwa ringi yake, basi, na inabaki na uhuru kidogo wa kucheza. Chini, kitako cha ganda kinashikwa na midomo miwili yenye springi, inayofunguka na kufunga yenyewe mkono unapopanda na kushuka. Kwa hiyo ganda na kalibu vinatafutana katikati vyenyewe, badala ya mashine kuamua kwa ubabe. Nguzo mbili zinaongoza safari, moja kila upande. Na fataki zilizotumika! Zinashuka moja kwa moja kwenye mrija hadi kikombeni, masizi yake hayagusi kitu. Nilikuwa natazama mashine, nikajikuta natazama kikombe.

Halafu kubadilisha kalibu ni suala la sekunde, na kipimo hakihami kwa sababu ringi imefungwa kwa skurubu yake. Mwenye mashine ya kumenya kahawa pale Ruanda ananielewa: ukishapata nafasi sahihi kati ya ngoma na bamba, hutaki mkono wa mtu pale hadi msimu uishe.

Kasoro zipo, na sitazificha kwa sababu ya furaha. Mkono wa mashine umesimama katikati, mbele ya uso wako, kwa hiyo ganda unalipeleka kwa kuzungusha mkono wako pembeni. Mfereji ule ni mchaguzi, unataka ringi za unene fulani, na zile za kampuni ya Lee zenye mpira ndani hazikubaliki; hesabia ununue za Forster. Kupachika fataki kunafanyika juu ya mashine, kunawezekana, lakini ni polepole mno. Kanunue kifaa cha mkono. Na bei ... kwa bei ya Co-Ax unaweza kubeba mashine mbili za Lee Classic Cast.

Tena hiyo Classic Cast si ya kudharauliwa hata kidogo. Lee Precision wako Hartford, Wisconsin. Richard Lee alianza mwaka 1958 na kifurushi kidogo cha kushindilia kwa nyundo, nyundo kabisa! Classic Cast ni chuma kizito, pistoni yake nene ina tundu katikati, fataki zinapita humo. Mwenye mfuko mwembamba aanzie hapo, asione haya.

Katikati ya hizo mbili yupo Rock Chucker wa RCBS, mashine ambayo utaikuta kwa kila mzee mwenye karakana. Fred Huntington wa Oroville, California, alianzisha kampuni hiyo mwaka 1943, wakati vita vimefanya vichwa vizuri vya risasi kuwa adimu. Yeye akatengeneza kalibu ya kufinyanga vichwa kwa kutumia maganda matupu ya .22 kama gamba la nje. Wateja wake walikuwa wawindaji wa mnyama mgugunaji wa milimani anayeitwa rock chuck, na jina la mnyama huyo limebaki hadi leo kwenye mashine. Ni imara, haina maajabu, itakuzika.

Mashine za kampuni ya Dillon zinazotoa risasi nzima kwa kila mvuto wa mkono ziacheni kwanza. Ni za washindani wa bastola wanaomaliza mamia ya risasi kwa siku. Anayejifunza anahitaji kuliona kila ganda, moja moja, asije akalipa moja baruti mara mbili na jingine asilipe kabisa.

Walioko nyumbani, hii someni kwa kujifurahisha tu. Marekani, sheria ya shirikisho haidai leseni kwa mtu anayejishindilia risasi zake mwenyewe. Akianza kuziuza ndipo leseni inapohitajika. Tanzania, sheria ya silaha na risasi ya mwaka 2015 haina mchezo na mtu anayetengeneza risasi bila leseni, na kazi hiyo ina wenyewe, Shirika la Mzinga pale Morogoro. Usifikirie hata kidogo kuipitisha mashine kama hii mpakani Tunduma chini ya magunia.

Kwa aliye huku, fedha itakayobaki iende kwenye mizani nzuri, kalibu ya kukazia kichwa iliyonyooka, na kitabu cha vipimo kilichochapishwa na watengenezaji wa baruti au wa vichwa. Kipimo cha rafiki, hata awe bingwa, usikikubali. Anzia chini ya kitabu, panda taratibu, vaa miwani. Nami niacheni, nina ndoo nzima ya maganda hapa yanasubiri na huu mkono hautaki kupumzika!